Uaminifu wa Spika

Kuna karakana moja ya fundi redio huku Nyakato, Musoma, ambayo Jumapili kuanzia saa tisa alasiri haifanyi kazi ingawa mlango uko wazi na fundi yupo. Pasi ya risasi imezimwa. Wanaingia wazee watano au sita, wengine rika la babu yangu, wengine wamestaafu juzi tu, na nyuma yao vijana wawili watatu tunaokalia makreti ya soda kwa sababu viti vina wenyewe. Mmoja anachomoa santuri kwenye bahasha iliyochoka, anaifuta kwa kitambaa cha miwani, na ubishi unaanza kabla sindano haijagusa kitu.

Nimekwenda pale kwa zaidi ya mwaka sasa. Mwanzoni nilidhani nakwenda kusikiliza muziki. Baadaye nikaona kwamba muziki ni kisingizio, na kwamba kinachotendeka pale ni fani ya maneno yenye kanuni zake, mabingwa wake na uongo wake. Tunahakiki riwaya, tunahakiki taarabu, tunachambua Bongo Fleva mstari kwa mstari. Sioni kwa nini tusihakiki mazungumzo ya watu wanaopenda spika kuukuu.

Nianze na sifa, maana zipo na ni za haki. Wazee hawa wana lugha. Sauti kwao inaweza "kukauka", inaweza "kuwa na mafuta", inaweza "kusaga mchanga" au "kutokea puani". Amplifaya iliyochoka "ina kikohozi". Siku moja mzee mmoja aliisikiliza spika kubwa ya sakafuni kwa dakika nzima, mikono nyuma, akasema inaongea kama mtu anayekuficha deni. Nilicheka. Fundi hakucheka, alifungua boksi akakuta waya wa twita umekatika, kwa hiyo sauti zote nyembamba zilikuwa hazitoki. Mzee alikuwa amesema kweli: kitu kilikuwa kimefichwa.

Hapo ndipo uzuri wa lugha yao ulipo. Kila tashbihi ina kidonda chake ndani ya boksi. Mchanga ni sindano iliyokwisha au vumbi la kwenye mfereji wa santuri. Pua ni sauti za katikati zilizozidi. Ukavu mara nyingi ni kapasita zilizozeeka. Nimesoma majarida ya Ulaya yanayozungumzia vifaa hivihivi kwa maneno ya hariri na mvinyo, na nikimaliza ukurasa sijui kama kifaa ni kizuri au mwandishi alishiba. Nyakato ukisema sauti ina mafuta, utaulizwa mafuta yako upande gani.

Wanajua pia yale ambayo vitabu vya maelezo vilivyokuja na vifaa havikuyafikiria. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani inataka umeme wa volti 100. Ukutani kwetu kuna 230, na asiyejua hilo atanunua moshi. Joto linaufanya mkanda wa mashine ya santuri uwe mgumu, halafu ulegee, na wimbo unaanza kulewa katikati ya ubeti. Sponji inayozunguka karatasi ya spika inaoza yenyewe hata kama spika haijawahi kupigwa. Na kuna wale wadudu wetu wa ziwani, wanaoinuka juu ya maji kama moshi na kuifuata taa: usiku wakiingia kwenye matundu ya amplifaya yenye taa ya mbele, asubuhi unakuta kilo ya unga mweusi. Natia chumvi. Robo kilo.

Kwa hiyo fundi hubadilisha. Anatoa kapasita, anatia nyingine. Anakata sponji mpya, au akikosa, kitambaa na gundi ya mpira. Mkanda wa mashine moja pale ni wa kutoka kwenye mashine nyingine isiyofanana nayo hata kidogo. Naye mzee mwenye kifaa, akisimama mbele ya wageni, hutamka neno ambalo ni kama shahada ya kundi zima: "Hii ni orijino."

Si orijino. Hakuna hata kimoja mle ndani ambacho bado ni kilekile kilichotoka kiwandani, na kama kingekuwa kilekile kisingelia. Jambo hili lingeweza kuwa fahari yao kubwa kuliko zote, kwamba sauti wanayoisifu imetengenezwa kwa nusu na mikono ya Nyakato. Lakini mazungumzo yao yameamua kwamba ubora unatoka mbali na unatoka zamani, na mkono wa fundi aliyekaa palepale akinywa chai unageuka kuwa kitu cha kufutwa, kama alama ya kidole kwenye kioo.

Imani hiyo, kwamba zamani walitengeneza vitu na sasa wanatengeneza takataka, ndiyo mhimili wa fani nzima. Niliona siku moja inavyojengewa ushahidi.

Kijana mwenzetu alileta sabufa yake, ile ya boksi moja kubwa na vispika vidogo pembeni, yenye taa za rangi, inayosoma fleshi na kupokea bluutuuthi. Wakaichomeka mashine ya santuri moja kwa moja kwenye tundu la nyuma. Sindano ikashuka. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba kama ya mbu aliyenaswa kwenye glasi, besi hakuna kabisa. Wazee wakaangua kicheko. Mmoja akapiga goti lake akasema, "Mmeona? Hiyo ndiyo simu yenu." Kijana akaikumbatia sabufa yake akaenda kuketi.

Hukumu hiyo haikuwa ya haki, na ni fundi na mimi tu tuliokuwa tunajua, nami nilikuwa naona haya kusema. Santuri haibebi muziki jinsi ulivyo. Besi ikichongwa kwa ukubwa wake wa kweli, mfereji utayumba hadi ukutane na jirani yake, na sindano itaruka. Kwa hiyo wakati wa kuchonga, besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, kwa kipimo ambacho viwanda vya Marekani vilikubaliana mwaka 1954 na dunia ikakifuata. Amplifaya za zamani zina sehemu maalumu ya santuri inayofanya kinyume: inarudisha besi, inapunguza wembamba, na inaikuza ishara ya sindano ambayo ni milivolti chache tu. Sabufa haina sehemu hiyo. Ilichosikilizwa siku ile ni barua iliyosomwa bila kufunguliwa. Sabufa ina makosa yake mengi, hasa ile tabia ya kuchukua kila noti ya gitaa la besi na kuigeuza ngumi moja, dum, dum, dum, bila kujali mpigaji alikuwa anapanda au anashuka. Lakini haikushtakiwa kwa kosa lake.

Baadaye nilimuuliza fundi mbona alinyamaza. Akasema, "Mwanangu, hao ndio wateja wangu."

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Waliobuni biashara hii waliiita kwa Kiingereza uaminifu wa hali ya juu, na uaminifu ni neno zito. Mwaminifu ana mtu anayemtumikia. Spika inamtumikia nani?

Marekani, kuanzia mwaka 1915, kampuni ya Edison ilikuwa ikiandaa maonyesho ambapo mwimbaji husimama jukwaani kando ya mashine, taa huzimwa, na watu huambiwa wakisie kama anaimba mtu au santuri. Wengi walishindwa kutofautisha, na magazeti yakasifu mashine. Miaka mingi baadaye mmoja wa waimbaji hao, Anna Case, alieleza kwamba alikuwa akiishusha sauti yake ifanane na ya mashine. Mashine haikuwa imemfikia mtu. Mtu alikuwa ameteremka kuifuata. London mwaka 1954, Gilbert Briggs wa spika za Wharfedale alikodi ukumbi wa Royal Festival Hall akafanya mashindano yake ya namna hiyo, muziki hai dhidi ya santuri, na watu wakaujaza. Nadhani kila jamii iliyopata spika ilitamani jaribio hilo, lakini sisi tunahitaji kuliuliza kwa namna yetu, kwa sababu muziki wetu haukurekodiwa sebuleni kwa Briggs.

Chukua bendi za dansi za miaka ya 1970. Nyingi ziliingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, zikapiga wimbo mzima kwa pamoja, maikrofoni chache, kila kitu kwenye njia moja ya sauti. Aliyekosea, wote walirudia. Santuri zao zilifyatuliwa Nairobi, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka ukafungwa hadi 1983, hata hiyo njia ikawa ya mashaka. Sisi wa Mara tunalijua hilo vizuri kuliko wengi. Mwanamuziki mashuhuri kuliko wote waliotoka upande huu, D. O. Misiani, alizaliwa Shirati mwaka 1940, akaliita kundi lake Shirati Jazz, na akajenga jina lake ng'ambo ya mpaka, Kenya, alikofia kwa ajali ya barabarani mwaka 2006. Benga yake inapopigwa pale karakanani, besi inakimbia kama mtoto aliyetumwa dukani, na hata wazee wabishi kuliko wote huacha kubisha kwa dakika tatu. Halafu inawekwa Mara Jazz, wana Sensera, na wanaanza upya.

Watu wa mkoa huu waliusikiaje muziki huo? Wachache walikuwa na mashine ya santuri: mtumishi wa serikali, mfanyabiashara, mwenye baa. Walio wengi walisikia kupitia redio ya mbao. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipoendeshwa redioni, watu walikusanyika kwa vikundi kusikiliza redio moja, na jioni redio hiyohiyo ilipiga dansi. Redio za National zilikuwa zikiunganishwa Dar es Salaam na kampuni ya Matsushita, na hapa kuna jambo linalonifurahisha. Matsushita haohao ndio waliotoa, mwaka 1972, mashine ya santuri ya Technics SL-1200, ile ambayo mzee mmoja wa Nyakato huizungumzia kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja jina la mchumba aliyeolewa na mwingine. Na makao yao yalikuwa katika mkoa wa Osaka, ambako Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilikwenda kupiga kwenye maonyesho ya Expo 70. Redio ya mbao aliyoidharau akiwa na mshahara na mashine aliyoitamani maisha yake yote zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Nilipomwambia, alinitazama kwa muda, akasema, "Ndugu, ndiyo. Lakini mmoja alisoma."

Redio ile ilikuwa na spika moja, inchi tano hivi. Mawimbi ya kati hayabebi vizuri sauti inayozidi takribani hezi 5,000, wakati sikio la kijana hufika hezi 20,000. Kwa hiyo nusu ya mng'aro wa matoazi ulibaki Dar es Salaam. Waya mnene wa gitaa la besi ukipigwa bila kubanwa unatoa hezi 41, na spika ya inchi tano haina ubavu wa kuzitoa. Hata hivyo kila mtu wa rika lile atakuimbia mstari wa besi wa wimbo anaoupenda. Aliusikiaje?

Sikio ndilo lililofanya kazi hiyo. Noti moja ya besi haina hezi 41 pekee. Ina na 82, na 123, na 164, zikipanda hivyo. Spika ndogo ikitoa hizo za juu, ubongo unatambua ukoo wao na kuisikia ile ya chini ambayo haipo kabisa hewani. Kila msikilizaji aliyeketi mbele ya redio ya mbao alikuwa akiipiga besi mwenyewe kichwani. Nafikiri hiyo ndiyo sababu walioukulia muziki ule kwenye redio duni wanaukumbuka kwa mwili, na mimi niliyeusikia kwenye sabufa naukumbuka kama mshindo.

Ikiwa bendi ilipiga kwenye njia moja ya sauti, ikijua itasikilizwa kwenye spika moja, basi kifaa kinachoitumikia kwa uaminifu zaidi kinaweza kuwa kile kisichoingia kabisa kwenye mazungumzo ya Nyakato. Pale karakanani kuna kiti kimoja katikati, miguu yake imechorewa chaki sakafuni, kwa umbali sawa kutoka spika ya kushoto na ya kulia. Anayekikalia anasikia, wanasema, kila chombo mahali pake. Nimewaona wakibishania kiti hicho nusu saa nzima, kisogeze nyuma, kisogeze mbele, kwa ajili ya santuri ambayo haina kushoto wala kulia.

Sitaki kuwacheka tu. Ndani ya ubishi huo kuna upendo, na wazee wawili kati yao wangekuwa wamekaa kimya majumbani kama si ile Jumapili. Lakini kuna kosa moja ambalo siwezi kulisamehe kama mhakiki. Katika mwaka mzima nimesikia nchi ya kila spika, uzito wa kila sumaku, mwaka ambao fulani aliletewa amplifaya na mjomba wake kutoka Nairobi. Niliuliza mara mbili nani alipiga besi kwenye wimbo tuliokuwa tunausikiliza. Mara ya kwanza walisema "yule wa bendi". Mara ya pili waliniambia nisikilize. Lebo ya santuri ilitaja bendi na mtunzi, basi. Watu wanaoweza kutofautisha transista mbili kwa kusikia hawakuwa wamewahi kuona kwamba pengo hilo ni hasara. Wanamuziki wale walilipwa kidogo na wakasahaulika haraka, na fani ya kusikiliza iliyoshughulika na boksi kuliko mkono ulio ndani yake imesaidia kuwasahau.

Mwezi uliopita mama yangu alikuja pale. Marehemu baba aliacha spika mbili za mbao, sponji zimegeuka unga, na alitaka kujua kama zinatengenezeka au auze mbao. Wazee walimjua, wote walikuwa marafiki wa baba. "Karibu shemeji," wakainuka, wakampa kile kiti cha chaki. Mama akakataa. "Nitakaa hapa hapa, shemeji," akasema, akavuta kigoda akaketi mlangoni, uso nje, mgongo kwa spika.

Walimwekea wimbo wa zamani wa dansi, kwa heshima. Niliona midomo yake ikienda na maneno. Ulipokwisha, mwenye santuri akamuuliza ameionaje sauti, maana spika zile ndizo bora kuliko zote mle ndani. Mama akasema ni nzuri. Kisha akasema, "Ila wameruka ubeti wa mama mkwe."

"Ubeti gani?"

"Redioni ulikuwepo. Baada ya gitaa, kabla hawajarudia." Akautamka wote, taratibu, bila kuuimba, akiwa bado anatazama barabarani.

Hakuna aliyewahi kuusikia. Mwenye santuri ana nakala hiyo tangu ujana wake na anajua kila mkwaruzo. Akasema kwa upole wa mtu aliyeumia, "Shemeji, santuri haidanganyi." Mama akasema hajasema inadanganya. Bendi ziliweza kuurekodi wimbo mmoja mara mbili, mara moja redioni na mara nyingine kwa ajili ya santuri, na si lazima maneno yalingane. Fundi alijaribu kueleza hivyo. Lakini ubishi ulikuwa umeshapata mafuta. Mmoja akamuuliza mama aliwezaje kukumbuka, wakati nyumbani kwao redio ilikuwa ya mumewe na haikuguswa na mtu.

"Ilikuwa sebuleni," mama akasema. "Mimi nilikuwa jikoni. Baba Fulani alikuwa anasikiliza na wageni, wanaongea juu yake, redio gani nzuri, betri gani zinadumu. Mimi nilikuwa sina wa kuongea naye."

Wakacheka, wengine kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Fundi akaziinua spika za baba moja baada ya nyingine, akagonga ubavu wa kila moja kwa kidole, akataja bei ya kuzitengeneza zote mbili. Mama akafikiri.

"Tengeneza moja," akasema.

"Moja tu, mama? Zinakwenda mbili."

"Redio ilikuwa nayo moja. Hiyo nyingine weka mpaka mwanangu apate pesa."

Fundi akakata kipande cha plasta, akaandika jina letu kwa kalamu, akabandika kwenye spika ya kulia. Mwenye santuri alikuwa bado ameishika sahani yake chini ya taa, akihesabu mifereji kwa macho, akitafuta mahali ambapo ubeti ungeweza kukaa.